Seti ya spika ya kujiundia kwa sebule ya Mama, Ngamiani: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

MwanaNgamiani

Assalaam alaykum, na habari za leo kwa wote. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kushika msumeno na pasi ya kulehemu kwa kazi hii, maana pesa nimeidunduliza mwaka mzima na sitaki kukosea mara ya pili.

Niko Tanga mjini, Ngamiani. Spika ni za Mama. Ana miaka 71, macho yamepungua nguvu, televisheni haimshughulishi tena. Kinachomliwaza ni redio asubuhi, na baada ya magharibi kaseti za taarabu alizoacha marehemu Baba: Black Star, Lucky Star, taarabu yetu ya Tanga ile ya magitaa. Ziko kaseti 43. Nimeshahamishia 26 kwenye kompyuta, lakini deki ya kaseti bado nzima na yeye anapenda kusikia ule mlio wa kitufe kikibonyezwa.

Mara ya kwanza nilijaribu mwaka juzi. Nilinunua dukani wufa (spika za sauti nene) mbili za inchi 8 zilizobandikwa lebo ya wati 300, twita (spika za sauti nyembamba) za pembe, na krosova, kile kigawanyaji kinachopeleka sauti nene kwenye wufa na nyembamba kwenye twita, iliyotengenezwa tayari, imeandikwa hezi 3,000. Seremala akanipigia maboksi ya MDF (mbao za unga uliogandamizwa) kwa kukadiria, yaenee kwenye kabati. Besi ikawa inavuma kama mtu anapuliza mtungi, na kila mwimbaji akifika kwenye "s" au "sh" panachoma masikio. Mama alisikiliza dakika tatu akasema, "Huyu leo anaimba amejifunga leso mdomoni." Kisha, "Punguza, mwanangu." Kisha, "Zima tu." Hiyo "zima tu" bado ninayo.

Baada ya miezi 14 nikafungua kuangalia. Ule ukingo wa sponji unaoshika koni ya wufa niliugusa kwa kidole ukamong'onyoka kama keki iliyolala. Na maboksi kwa chini, kwa sababu sakafu inapigwa deki kila asubuhi, kona zimevimba kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Sasa nataka seti kamili, iliyopigiwa hesabu na mtu anayejua, mimi nikate mbao na kuunganisha tu. Chumba ni mita 3.5 kwa 4.2, vigae chini, kuta za plasta. Kochi la Mama liko mita 2.6 kutoka spika zitakapokaa, na zitakaa karibu na ukuta, kwa sababu nyumba ni ya watu na watoto wanapita. Amplifaya ninayo, wati 40 kila upande, nyuma imeandikwa omu 8.

Seti ya kwanza ni ndogo: wufa ya inchi 4 na twita, omu 4, unyeti (sauti inayotoka kwa wati moja) desibeli 83. Ni ya bei ya chini kuliko zote. Seti ya pili ina wufa ya inchi 6 na nusu yenye ukingo wa mpira na twita ya kitambaa ya inchi 1, omu 8, desibeli 87. Muuzaji anatoa michoro miwili, boksi lililozibwa la lita 12 au lenye tundu la lita 18. Seti ya tatu ni spika moja tu kila boksi, inchi 8, inapiga sauti zote bila krosova, koni ya karatasi, omu 8, desibeli 93, na boksi lake ni lita 45.

Maswali yangu mawili. Kwanza, ipi inamfaa Mama? Pili, naweza kuchukua mchoro tu wa seti ya pili, kisha nikanunua hapa nchini wufa na twita za inchi zile zile? Ingeniokolea karibu nusu ya gharama.

Kijana_wa_Mabawa

Kaka, kwa nini usimnunulie bi mkubwa sabufa yenye bluetooth? Unachomeka, inapiga, na redio imo ndani. Mbao na lehemu zote hizo ni kazi ya miezi.

MwanaNgamiani

Nashukuru, ndugu yangu. Ya jirani tuliiazima siku tatu. Besi ipo, lakini sauti ya mwimbaji imekaa nyuma, na Mama anachotafuta ni maneno. Muda wa kufanya kazi ninao, nami nataka kuifanya.

FundiRedio_Chumbageni

Mwanangu, wa alaykum salaam. Nimetengeneza redio na redio-gramu tangu 1979, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo linaloweza kukupoteza.

Usinunue mchoro halafu ukaweka spika nyingine. Inchi ni kipimo cha tundu tu. Wufa mbili za inchi 6 na nusu zinaweza kufanana kwa macho kama pacha na zikataka maboksi tofauti kabisa, moja lita 8, nyingine 30. Kinachoamua ni ugumu wa ukingo, uzito wa koni, nguvu ya sumaku. Hesabu zake ziliwekwa sawa na Neville Thiele kule Australia mwaka 1961, kisha Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, ndiyo maana karatasi ya spika ya kweli ina vipimo vinavyoitwa kwa majina yao. Kabla ya hapo mafundi wengi walikuwa wanakata boksi, wanasikiliza, wanakata jingine. Seremala wako alifanya hivyo hivyo, ila hakupata nafasi ya kukata la pili.

Krosova ndiyo zaidi. Ile yako iliyoandikwa hezi 3,000 ilipigiwa hesabu kana kwamba spika ni omu 8 daima. Hakuna spika ya hivyo. Wufa ya omu 8 inapanda hadi omu 30 au zaidi pale inapotetema yenyewe chini, inashuka, kisha inapanda tena sauti zikiwa nyembamba kwa sababu ya koili yake. Kwa hiyo hiyo krosova haikukata pale ilipoandikwa. Na twita za pembe kwa kawaida zina kelele kuliko wufa. Zisipopunguzwa kwa rezista zinapita juu ya mwimbaji. Hizo "s" zilizomchoma Mama hapo ndipo zilipotoka. Aliyebuni seti alipima wufa ile na twita ile, zikiwa kwenye uso wa boksi wenye upana ule, ndipo akachagua kila kapasita na kila koili. Ukibadilisha kimoja umeiondoa kazi yake yote na kubaki na picha.

Nimesema upana wa uso. Sauti nyembamba zinagonga uso wa boksi na kuja mbele. Sauti nene zinazunguka boksi na kutawanyika chumbani. Gawa 115 kwa upana wa uso kwa mita, utapata mahali mabadiliko yanapotokea. Uso wa sentimita 22 unakupa kama hezi 520, katikati kabisa ya sauti ya mtu. Mbunifu amelifidia hilo ndani ya krosova. Ndiyo maana ukimwambia seremala "panua kidogo ipendeze", unambadilisha mwimbaji.

Sasa seti ipi. Ya kwanza siipendi kwa ajili yako kwa sababu moja: omu 4, na amplifaya yako imeandikwa 8. Itapiga, lakini itavuta mkondo mara mbili, na kwa joto la Januari hapa mjini utaichosha. Zipo seti ndogo nzuri sana duniani. Overnight Sensations ya Paul Carmody ina wufa ya inchi 4 tu na watu wameijenga kila mahali. C-Note ya wufa ya inchi 5 nayo imefundisha wengi. Udogo si aibu. BBC walijiundia LS3/5A miaka ya 1970, boksi la kama lita 5 tu, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, na hadi leo watu wanaitafuta kwa jinsi inavyosema sauti ya binadamu.

Ya tatu inavutia. Desibeli 93 ni nyingi, na bila krosova sauti inatoka mahali pamoja. Lakini koni ya inchi 8 ikipiga sauti nyembamba inazitupa mbele kwa mshale: ukikaa sawasawa unasikia, ukisogea kochi la pembeni zimepotea. Nyingi zake zina kilele pale kati ya hezi 2,000 na 5,000, na sikio la mtu mzima halikisamehe. Maboksi mawili ya lita 45 ndani ya chumba hicho, Mama atapita wapi na mkongojo akiwa nao?

Chukua ya pili. Usiogope kwamba 87 ni ndogo. Wati 1, mita 1, desibeli 87. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza 3 tu, basi wati 8 zinakupa 96. Kutoka mita 1 hadi kochini mita 2.6 unapoteza kama 8 ukiwa uwanjani. Chumbani unapoteza pungufu, maana kuta zinarudisha. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60 au 65. Wati 40 zako zimezidi haja ya Mama mara nyingi.

Na ukingo wa mpira, hilo peke yake lingetosha. Sponji katika hewa yetu ya chumvi na unyevu haina maisha.

BintiRaskazone

Mzee ameshamaliza ya umeme, shikamoo mzee. Mimi niseme ya mbao, kwa sababu mwaka jana mimi na kaka yangu tulijenga jozi moja na mbao ndizo zilizotutoa jasho.

Kaka, usiagize seti pamoja na maboksi. Mbao ni uzito, na uzito ndio unaolipia mzigo. Tena VAT ya asilimia 18 ikija inapigwa juu ya thamani pamoja na usafiri. Agiza wufa, twita na vifaa vya krosova tu. Ukizipokea pima omu za kila moja kwa mita ya umeme kabla hujatupa kasha. Wufa ya omu 8 itasoma kama 6 hivi, usishtuke.

Mbao: plaiwudi ya kuzuia maji, milimita 18. Ni ghali kuliko MDF lakini nyumba yenye kupigwa deki kila siku MDF haidumu, umeshaona mwenyewe. Watu watakuambia tumia mtiki, uko Longuza hapo Muheza. Mtiki ni mzuri, tulitaka sana. Lakini ubao mzima unapanuka na kusinyaa kwa upana wake kati ya masika na kaskazi, na boksi la spika likifunguka uzi mmoja tu kwenye kona linapiga mluzi. Sisi tulitumia plaiwudi, kisha tukabandika mtiki mwembamba usoni na ubavuni. Kingo zote, na hasa chini, pakeni vanishi mara tatu, na ndani pia. Na msiweke sakafuni. Stendi, au meza imara, twita iwe sawa na sikio la Mama akiwa ameketi. Pimeni akiwa ameketi kwelikweli, siyo mnavyodhani. Sisi tulikosea sentimita 15.

Seremala mpe vipimo vya ndani na vya nje vyote viwili. Wetu alikata vipimo vya ndani akidhani ni vya nje, boksi likapungua lita tatu.

Halafu chumba. Vigae na plasta vinarudisha "s" zile zile anazolalamikia. Kabla hujanunua chochote simama katikati ya sebule upige makofi mara moja. Ukisikia kama bati linatetema, tandika mkeka mzito au zulia kati ya spika na kochi, na weka mapazia mazito yenye mikunjo. Kwetu zulia moja lilifanya kazi kubwa.

MwanaNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Dada, ahsante sana. Nimepiga makofi, ni bati tupu. Nimeuliza bei ya zulia.

Nimeshaamua, seti ya pili, bila maboksi. Limebaki moja: lililozibwa au lenye tundu? Muuzaji anasema lenye tundu linashuka chini zaidi kwa besi. Na taarabu yetu besi ya gitaa ndiyo inayobeba, sitaki ipotee.

FundiRedio_Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Ziba.

Lenye tundu linashuka zaidi, ni kweli, lakini likifika mwisho wake linaanguka ghafla, desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila hezi zikipungua nusu. Lililozibwa linaanza kupungua mapema lakini taratibu, 12. Ukiliweka karibu na ukuta, ukuta wenyewe unarudishia besi, na upungufu ule wa taratibu unajazwa. La tundu ukilisogeza ukutani besi inajaa kupita kiasi, na ule mvumo wa mtungi unarudi. Edgar Villchur alilionyesha hili Marekani mwaka 1954 na spika yake ya AR-1: boksi dogo lililozibwa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi, na besi yake ikawashangaza watu waliozoea makabati makubwa.

Halafu chumba chako cha mita 3.5 kinavuma chenyewe karibu na hezi 49. Gawa 343, mwendo wa sauti kwa sekunde, kwa mara mbili ya 3.5. Hiyo besi utapewa na chumba, hata usipoiomba. Ikizidi, sogeza kochi la Mama kidogo kutoka ukutani. Hata sentimita 40 utazisikia.

Na jambo la pwani: tundu ni nyumba. Nimefungua spika nikakuta mjusi kafiri na mayai yake, nimefungua nyingine nikakuta nyigu amejenga udongo hadi katikati ya bomba. Lililozibwa haliingii kitu.

Kwa hesabu ya boksi: ukiwa na uso wa sentimita 22 na mbao za milimita 18, ndani unabaki na 18.4. Ipe urefu wa ndani 30 na kina cha ndani 24, unapata lita 13.2. Toa sumaku ya wufa, krosova na ubao wa kukaza katikati, unabaki na 12 zako. Ukikosea, kosea kwenye kina. Uso na nafasi ya matundu viache kama mchoro ulivyo.

Koili za krosova usizipange juu ya nyingine wala usizilaze upande mmoja. Moja ilale, nyingine isimame, na ziachane. Zikikaribiana sumaku zake zinasemezana. Ndani jaza pamba ya mto ya poliesta, iwe nyepesi, usishindilie. Ukitaka sufi yetu, ishone ndani ya kitambaa chepesi isije ikapeperukia kwenye koili ya wufa.

Ukimaliza, bonyeza koni ya wufa polepole kwa vidole vinne kuizunguka katikati, ishike hivyo kidogo, kisha achia. Ikirudi upesi, hewa inavuja. Ikirudi kwa kujivuta kama mlango wenye mkono wa kuzuia, umeziba vizuri.

MwanaNgamiani *(baada ya miezi mitatu na nusu)*

Shikamoo mzee wangu, na dada wa Raskazone, nimerudi na majibu.

Mzigo ulifika salama. Plaiwudi milimita 18, seremala mwingine, mimi nimesimama pale pale na rula. Uso sentimita 22 kamili kwenye la kwanza. La pili lilitoka 21.9 nikaliacha. Gundi nyingi, vibano sita vya kuazima, kila boksi siku mbili. Vanishi mara tatu nje, mara mbili ndani, na chini nimeongeza ya nne. Nikijaribu kubonyeza koni, boksi la kushoto lilirudi kwa kujivuta vile ulivyosema. La kulia likarudi haraka. Nilizima feni, nikawasha udi nikaupitisha polepole kwenye kingo zote huku nabonyeza koni na kuachia. Moshi ukayumba pale waya wa nyuma unapotokea. Gundi, usiku mmoja, na sasa nayo inajivuta.

Usiku wa kwanza hata hivyo nilikata tamaa. Niliweka kaseti ninayoijua, sauti ya mwimbaji ikawa haiko popote. Iko kushoto, iko kulia, iko nyuma ya pazia, na besi imekonda. Nilikaa sakafuni nikafikiri nimepoteza pesa tena. Saa tano usiku nikakumbuka zile redio za zamani, mafundi walivyokuwa wanapima spika kwa betri. Nikachukua betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu: wufa ya kushoto ikaruka mbele, ya kulia ikarudi ndani. Nilikuwa nimegeuza waya za wufa ya kulia. Moja inasukuma, nyingine inavuta, besi zinauana. Twita ya boksi lile nilikuwa nimeunga sawa, kwa hiyo hata ndani ya boksi moja vilikuwa vinapingana. Nimefungua, nimelehemu upya, nimefunga.

Safari hii sauti ikasimama katikati, kati ya spika na spika, mahali ambapo hakuna kitu ila ukuta na saa. Kaseti zile nyingi ni za mono, sauti ile ile pande zote mbili, kwa hiyo mwimbaji anakaa pale kama amewekewa kiti. Gitaa la besi silisikii kwa mvumo tena, nalisikia noti kwa noti, na kidole kikiachia waya.

Sikumwambia Mama kitu. Kesho yake baada ya magharibi niliweka upande wa kwanza, sauti ya chini, nikaenda jikoni. Nikasikia haniiti. Kaseti ilipofika mwisho ikakata, ndipo akaita, "Geuza." Nikageuza. Katikati ya upande wa pili akaniambia nikae. Kuna wimbo mmoja ambao miaka yote mimi nimekuwa nauimba nikiosha vyombo, na yeye hunisahihisha neno moja, nami humbishia. Lilipofika akanyanyua kidole. Ni kama anavyosema yeye. Linasikika wazi kabisa, na baada yake mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuendelea, pumzi ambayo sikuwahi kujua imo kwenye kaseti ile.

Swali la mwisho, mzee. Zimebaki uchi mbele, na watoto wa dada yangu wana vidole. Mama ametoa kanga yake, pea mpya, anataka ndiyo iwe kitambaa cha mbele. Inafaa?

FundiRedio_Chumbageni

Marahaba, mwanangu, Mola akubarikie kwa ulilomfanyia Mama. Kupima kwa betri ndiko huko, ila usijaribu moja kwa moja kwenye twita, waya zake ni nyembamba.

Kanga: iweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kukurudia usoni, kitambaa kinafaa. Kanga mpya haitapitisha, ina wanga na imefumwa kwa kubana. Hata ukiifua bado itamla mwimbaji wako. Tafuta kitambaa cha spika, au wavu mweusi mwembamba, ukikaze kwenye fremu ya fito. Kanga ya Mama ishone iwe kifuniko cha kuvalisha boksi zima mchana watoto wakiwapo, aivue mwenyewe magharibi.

BintiRaskazone

Fremu ya fito iwe nyembamba, kaka, na ndani uichonge kimshazari karibu na twita. Sisi tuliiacha pembe kali, tukazisikia. Nakuwekea vipimo vyetu usiku nikitoka kazini.